Jezi za vijana wangu na maduka mawili ya Kariakoo

Nafundisha timu ya watoto Temeke, na mwaka huu nimechapisha jezi kwenye maduka mawili tofauti. Kwa kitambaa hawapishani sana.

Duka la kwanza walitaka majina kamili ya watoto, tarehe za kuzaliwa na namba za wazazi. Nikawapa. Nilipokwenda kuchukua mzigo nikaona nywila ya kompyuta imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, imebandikwa pembeni ya kioo, na kila muuzaji anaingia nayo hiyo hiyo. Orodha yetu ilikuwa wazi pale, mteja yeyote anaisoma. Iliniuma, maana wale ni watoto wa watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamhusu hata mwenye fremu moja.

La pili, dada wa kaunta alinikatiza: "Kocha, nipe jina la mgongoni, namba na saizi tu." Malipo ni kwa lipa namba, na jina la duka linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Mzigo ulipotoka alifuta orodha mbele yangu. Wanazidi bei kidogo, shilingi 1,000 kwa jezi. Msimu ujao narudi kwao.