TAHADHARI: Anayeuza vifaa vya lehemu na betri za vepu (sigara za kielektroniki) kutoka Nakuru ni tapeli

Wenzangu, kabla hujamtumia mtu yeyote wa Nakuru pesa za betri za 18650 (zile za vepu), ncha za kulehemu au lehemu isiyo na risasi (yale madini yenye sumu), soma hii yote. Nimeibiwa. Shilingi 8,400 zimeenda, na kinachonikera kuliko hizo pesa ni kwamba vitu alivyonitumia vingeweza kumlipukia mtu usoni. Jina lake silitaji kwa sababu halitawasaidia. Tangu nianze kumfuata ameshalibadilisha, pamoja na picha. Nitawaeleza anavyofanya kazi, mtamjua tu.

Nilikuwa nimewaahidi watu maboksi ya vepu, yaani vile vikasha vya betri na swichi ninavyounda mwenyewe. Vifaa vilikuwa vimeniishia, na hapa Kisumu ukizunguka Kibuye na maduka ya Oginga Odinga Street utapata lehemu ya kutengenezea redio, ile ya bati 60 na risasi 40. Ukiulizia isiyo na risasi unaangaliwa tu. Na vepu huwezi kuilehemu kwa risasi karibu na kiunganishi cha 510 (pale kichwa cha kuvutia kinapofungwa kwenye boksi), mahali ambapo hewa anayovuta mtu inapita. Hilo sisi mafundi wa vepu tulishakubaliana.

Sasa kwa nini nilimwamini. Msiniambie mngemshtukia, maana huyu si wale wa betri za "mAh 9900" ambazo hata mtoto anajua ni uongo. Betri ya 18650 haibebi umeme hata nusu ya huo, na huyu analijua hilo kuliko wengi wetu. Nilipomwandikia tu na kusema niko Kisumu, akajibu kwa Kijaluo, "Omera, idhi nade?" Nikadhani nimepata mtu wa nyumbani. Nikampima. Nikamuuliza, boksi la betri mbili sambamba nikitumia mosifeti (swichi ya kielektroniki) ya IRLB3034, kati ya geti, ule mguu unaoiwasha, na hasi naweka rezista ya ngapi? Hakuchukua hata nusu dakika. "Kilo-omu 15, fundi. Usipoweka geti inabaki inaelea, boksi litajiwasha lenyewe mfukoni." Sawasawa kabisa. Akaendelea mwenyewe kuniambia nisilehemu pini ya 510 ikiwa kihami (kile kipande cha kuzuia umeme) bado kiko ndani, nikitoe kwanza, nipake pini lehemu, nipake waya lehemu, ndipo niviunganishe kwa mguso mmoja. Mtu anayejua hayo utamshuku vipi? Na fundi mwenzetu wa Kondele alikuwa amenunua waya za silikoni kwake zikafika salama, tena nzuri. Sasa naelewa zile waya zilikuwa chambo.

Nikamwambia anipigie simu ya video nione mzigo. Akapiga. Hiki kipande ndicho kinanirudia kila nikilala. Akafungua droo, akatoa betri nne za kijani zenye maandishi ya Samsung 25R, akazigeuza polepole mbele ya kamera nione ncha zote mbili. Safi, hazina mkwaruzo. Bila hata kuombwa akaweka moja juu ya mizani ndogo ya kidijitali, ikaonyesha gramu 45. "Unaona, kaka? Mimi siuzi takataka." Akanionyesha kibandiko cha lehemu, akakisoma kwa sauti: bati 96.5, fedha 3, shaba 0.5. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa sababu mvua ilikuwa inapiga mabati na sikuwa namsikia vizuri ndani, na yeye akawa anarudia kila kitu kwa upole, "unanipata, fundi? Narudia?" Upole wote ule!

Halafu akaniambia kuna mtu wa Eldoret anazitaka hizo betri zote nne, anamsumbua tangu asubuhi, lakini yeye anapendelea zichukuliwe na fundi anayejua kazi. Gari linaondoka saa kumi na moja, akasema, na saa ilikuwa imeshapita kumi. Nikamwomba tili namba, ile ya M-Pesa ya biashara. "Tili imegoma tangu jana, tuma kwa hii ya mama watoto, ni kitu kimoja." Jina likatokea la mwanamke, na kweli alikuwa amesema ni mkewe. Nikaweka namba ya siri. Ujumbe wa M-Pesa ukaingia, akanijibu kwa mikono miwili ya kushukuru, na baadaye akatuma picha ya parseli ikiwa kwenye kaunta ya ofisi ya mabasi. Kila kitu kilikuwa na maelezo yake.

Parseli ilifika siku aliyosema. Nikaipeleka mezani moja kwa moja.

Nikaanza na ncha. Nilikuwa nimeagiza za bapa, milimita 2.4 na 3.2, kwa sababu pini ya 510 na waya nene hunyonya joto sana. Ncha nyembamba ya sindano hapo haina kazi, utakaa ukichoma mpaka kihami kilainike na lehemu bado haijashika. Nikaifunga ya kwanza, nikaigusisha lehemu mara tu ilipopata moto, kama tunavyofanya na ncha yoyote mpya. Lehemu ikajikusanya ikawa vidonge, ikadondoka mezani. Nikafuta kwa sponji, nikapaka flaksi, nikarudia. Vidonge tena. Muda si muda mdomo wote ulikuwa mweusi, na chuma cha kulehemu kinasoma nyuzi 350 wakati joto halifiki kwenye kazi. Ilikuwa imeshakufa, kwa hivyo nikaichukulia tupa. Ncha ya kweli ina moyo wa shaba, na juu yake tabaka jembamba la chuma la kuilinda isiliwe na lehemu. Hii niliikata mpaka katikati, ni kijivu tupu. Hakuna shaba hata chembe. (Usipige tupa ncha ambayo bado inafanya kazi, ukiondoa lile tabaka umeiua mwenyewe.)

Nikarudisha ncha yangu ya zamani nijaribu lehemu. Ikashika vizuri mno. Kiungo kikapoa kikang'aa kama kioo, na hapo ndipo moyo uliponidunda, kwa sababu isiyo na risasi ikipoa huwa imefifia kidogo. Mchanganyiko ule wa kibandiko huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217. Nikashusha chuma hadi 250, inayeyuka. 230, inayeyuka. Nikashusha 210, nikangoja ncha itulie, nikagusa: inayeyuka. 200 pia. Ilianza kugoma karibu na 185. Sasa hiyo ni nini kama si lehemu ya risasi? Bati 63 na risasi 37 huyeyuka kwenye 183. Nikasugua waya kwenye karatasi nyeupe, ikaacha mstari wa kijivu. Amechukua lehemu ya kawaida, akabandika karatasi ya lehemu ghali.

Hapo mimi nilitetemeka kwa hasira. Mtoto wangu hutambaa chini ya ile meza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi. Mimi nanunua lehemu kwa bei ya juu ili nisiilete hiyo sumu nyumbani, na mtu ananiuzia sumu ileile na kuniita kaka!

Betri zikaja kunimaliza. Nikazipima na mizani ya duka la jirani, uzito uko sawa. Nikazijaza hadi volti 4.2. Nikaweka moja kwenye boksi la majaribio lenye koili (waya unaopata moto) ya omu 0.3, yaani ampea 14, ambapo 25R halisi inahimili 20. Nikabonyeza, macho kwenye mita. Volti zikaporomoka hadi karibu 3, na nilipoachia betri ilikuwa na joto ambalo sijawahi kulisikia kwenye 25R. Nikaitoa nikaipeleka nje kwenye ndoo ya mchanga. Ilipopoa nikapasua lile ganda la kijani kwa uangalifu. Chini yake chuma kitupu, na kwenye ncha zote mbili kuna alama za kuchomelewa zilizosuguliwa kwa msasa. Hizo ni betri zilizong'olewa kwenye pakiti kuukuu za laptopu, zikavishwa nguo mpya. Uzito wake unafanana na wa betri nzima, kwa hivyo mizani haikuweza kunisaidia, na nina hakika hata zile za kwenye video hazikuwa hizi.

Wale wanaosema "ni betri tu": Mei 2018, huko St. Petersburg, Florida, mwanamume alikufa vepu yake ilipolipuka. Januari 2019 kijana mwingine wa Fort Worth, Texas, akafa baada ya kipande cha vepu iliyolipuka kukata mshipa wa shingo. Hizi zangu zilikuwa ziende kwa wateja, watu wazima wenye familia. Mmoja wao ni mwalimu ambaye anataka kuacha sigara. Ningemkabidhi hicho kitu kwa mkono wangu!

Nikampigia. Akapokea, nikamweleza bila kutukana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Fundi mbaya husingizia vifaa." Akakata. Nikamtumia picha za ncha iliyokatwa na betri iliyovuliwa, tiki mbili za bluu, halafu akanizuia. Nilikuwa nimepeleka ule ujumbe wa M-Pesa kwenye 456 ya Safaricom nirudishiwe, nikajibiwa kwamba pesa zilishatolewa. Kwa namba nyingine nilimwona bado anaweka zilezile betri za kijani kwenye status, na mtu wa Kakamega anauliza bei.

Huyu mtu afungwe. Sisemi hivi kwa hasira ya leo tu. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake ni hadi miaka mitatu, na kwangu hiyo miaka mitatu ni michache kwa mtu anayejua kabisa anachofanya. Angekuwa mjinga wa betri ningesema alidanganywa na aliyemuuzia. Lakini mtu anayejua geti ikielea boksi linajiwasha, anajua pia betri ya laptopu ya zamani ikivutwa ampea 20 inafanya nini. Alikaa chini akazisugua kwa msasa. Akazivisha. Akaniambia ananipendelea kwa sababu mimi ni fundi. Akamatwe, droo yake imwagwe mezani mbele ya hakimu, na huyo mama watoto aeleze pesa za watu zinaingiaje kwake.

Mtamtambua kwa mambo haya. Anaanza na salamu ya kwenu, nimesikia mtu wa Bungoma alisalimiwa "mulembe". Kuna mteja mwingine wa Eldoret kila mara. Tili imegoma kila mara, na namba ina jina la mwanamke. Mzigo wa kwanza mdogo unafika ukiwa mzuri. Ukimwambia alipwe mzigo ukifika, anakasirika. Mimi sikumwambia hivyo, lakini yule wa Bungoma alimwambia, akatukanwa.

Aliye na betri zake, asiziingize kwenye chochote. Vua ganda utazame ncha, na kama kuna alama za kuchomelea, zibandike mkanda wa plastiki pande zote mbili na uziweke nje ya nyumba, mbali na kitu kinachoshika moto. Lehemu yake ijaribu kwa joto nilivyoeleza. Ukishaishika nawa mikono kwa sabuni kabla hujala, na iweke mbali na watoto. Mosifeti alizonitumia sijazijaribu zote. Mbili nilizozijaribu zilipata moto kwenye mzigo ambao zangu za zamani haziuhisi.

Mwenye ujumbe wa M-Pesa wa kumlipa huyu mtu asiufute, hata kama ni wa shilingi mia tatu za waya. Nitumieni picha yake pamoja na picha ya kibandiko cha parseli. Jumatatu asubuhi naenda kuandikisha taarifa polisi, na sitaki nifike pale na karatasi moja.