"Mkalimani yupo": bango na ukweli wake

Nilianza kuandika haya nikiwa bado kwenye daladala, kwa hiyo mnisamehe.

Hospitali siitaji, ni moja ya wilaya hapa Dar. Mapokezi pana bango: huduma ya mkalimani wa lugha ya alama inapatikana. Nilifurahi kama mjinga. Dada yangu mkubwa ni kiziwi, amesoma shule ya viziwi Tabora, na miaka yote mkalimani wake ni mimi. Nikajisemea leo napumzika.

Wee! Nesi ananiuliza mimi: "Huyu anasumbuliwa na nini?" Huyu! Na dada kakaa palepale, anamtazama mdomo. Nikamwambia muulize mwenyewe, mkalimani si yupo? Akasonya.

Mkalimani tulimngoja mpaka foleni yote ikaisha. Kijana mpole, kitambulisho shingoni. Tukaingia kwa daktari, daktari akasema kuna uvimbe kwenye kizazi. Kijana akainua mkono, akataja herufi kwa vidole: K, I, Z, A, Z, I. Basi, kamaliza. Dada akanigeukia akaniuliza: kizazi kipya? Muziki?

Nilicheka. Kisha nikaona daktari anaandika, anaendelea na mambo ya upasuaji, na mwenye tumbo lake anawaza Bongo Fleva.

Watu wanadhani kiziwi ukimwandikia au ukimtajia herufi, umemaliza. Kiswahili kwake ni lugha ya kujifunza, kama Kiingereza kwangu mimi. Na alama zenyewe, za waliosoma Tabora na za waliosoma Buguruni hazifanani zote. Mkalimani anatakiwa aulize kwanza. Huyu hakuuliza. Sifuri!

Nilimfuata nje nimgombeze. Akaniambia taratibu kwamba kazi yake ni masijala, anatunza mafaili. Alipelekwa kozi ya wiki mbili kwa sababu ndiye aliyekuwa mdogo ofisini, na tangu hapo bango likatundikwa. Malipo ya ziada hakuna. Hasira ikabaki bila pa kutua. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya 2010, mtoto wa mwaka huo sasa anaota ndevu, na mgonjwa bado anaazimiwa mkalimani masijala!

Ila niseme haki. Kijana hakukimbia. Alikaa nasi benchi, akageuza karatasi ya vipimo akachora tumbo, akachora uvimbe, akamwomba dada amfundishe alama ya kizazi. Dada akamkosoa mkono mara tatu, wanacheka wote wawili. Akamrudisha kwa daktari, akaanza upya, safari hii anamtazama dada, si mimi. Dada aliuliza maswali ambayo mimi kwa miaka yote sikuwahi kumwona akiuliza. Mengine sikujua hata kama anayo.

Kwa hiyo sijui. Bango sifuri, nesi chini ya sifuri, kijana... mpeni shule jamani, na mshahara.

Tunafuata majibu Jumanne. Dada ameshaniambia nitakaa nje.