Chandarua cha dawa mbili: mwaka mmoja na miezi minne kitandani kwetu

Mimi ni fundi cherehani hapa Misungwi, kwa hiyo nikishika chandarua naanza na pindo. Hiki nitaanza na lebo, maana dawa iliyoandikwa pale ndiyo imenifanya nikipe nyota nne kati ya tano.

Nyumba yetu iko karibu kabisa na majaruba ya mpunga. Chandarua cha zamani kilikuwa na uzi mgumu kama wa plastiki, imara kweli, na hakijachanika hadi leo. Lakini asubuhi nilikuwa nakuta mbu wametua kwenye kitambaa chenyewe, matumbo yamejaa damu ya mwanangu, nikiwagusa wanaruka kana kwamba hakuna dawa. Msimu mmoja wa mvua mtoto aliugua malaria mara tatu. Kila mara nilijilaumu kwamba sikuchomeka vizuri chini ya godoro.

Dada yangu, ambaye ni nesi, ndiye aliyenitoa kwenye lawama hizo. Alinieleza kwamba vyandarua vya miaka yote vilitiwa dawa za jamii moja tu, pairethroidi. Mbu wachache waliozaliwa na uwezo wa kuivunja dawa hiyo mwilini ndio waliobaki kuzaa, na watoto wao wakarithi. Mbu hukua kutoka yai hadi kuruka kwa wiki mbili hivi, kwa hiyo mwaka mmoja wetu ni vizazi vingi kwao. Na hapa wilayani kwetu mambo haya yamepimwa: mwaka 2019 vijiji viligawiwa vyandarua vya aina nne tofauti, na baada ya miaka miwili, penye dawa ya zamani peke yake watoto waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 45.8. Penye aina hii ninayoisifu walikuwa asilimia 25.6. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2022.

Tafuteni basi kwenye lebo neno klorifenapiri, pamoja na alfa-saipamethrini ambayo ni ya jamii ya zamani. Uzuri wa klorifenapiri ni kwamba inapoingia mwilini mwa mbu bado haijawa kali. Vimeng'enya vilevile anavyotumia kuvunja dawa ya zamani ndivyo vinavyoigeuza hii kuwa sumu, nayo inauzuia mwili wake kutengeneza nguvu. Kwa hiyo usugu wake wa zamani haumsaidii hapa.

Ila haiui papo hapo, na hapo ndipo wengi wanapokosea kuihukumu. Nilimfunika kwa glasi mbu mmoja aliyetua kwenye chandarua, mkia juu kama wanavyotua wale wa malaria, nikamhamishia kwenye chupa ya asali iliyofungwa mdomo kwa kipande cha shifoni, na pamba ya maji ya sukari ndani. Siku ya kwanza aliruka vizuri tu, nikavunjika moyo. Siku ya pili alikuwa chini, anajaribu kupanda kioo anateleza, mguu mmoja wa nyuma ukiburuta. Asubuhi ya tatu nilimkuta chali. Jirani yangu alikuwa ameshakirudisha chake sandukuni kwa sababu hakuona mizoga.

Sasa ushonaji, ambapo nyota moja imepotea. Kitambaa ni poliesta laini, kinapendeza mwilini, lakini kinanasa kwenye kila msumari wa kitanda cha mbao. Vitanzi vya pembeni vimeshikizwa kwa mshono mmoja tu. Viwili vilifumuka mwezi wa saba. Nilivirudia kwa mishono miwili na kiraka cha pamba ndani. Kwa kitanda cha tano kwa sita, urefu hautoshi kuchomeka pande zote. Kufua, tumia sabuni ya kipande na uanike kivulini. Jiki na jua kali vinaimaliza dawa.

Tena hakikulindi ukiwa nje. Huko bonde la Kilombero watafiti walishaona kwamba baada ya vyandarua kuenea, mbu walianza kuuma zaidi nje na mapema jioni. Mimi napikia uani, kwa hiyo siku hizi tunakula mapema, na saa mbili watoto wako ndani ya chandarua hata kama usingizi haujaja.

Tangu tuanze kukitumia, mwanangu amepata homa mara mbili. Mara zote nimempeleka zahanati akatobolewa kidole, na kipimo hakikuonyesha malaria.

Cha pili nimempelekea mama kule Usagara, baada ya kuimarisha pembe zote nne. Aliponiambia kwa simu kwamba kuna mbu ametua juu yake na hafi, nilimwomba, "Mama, mwache. Mwangalie keshokutwa."