TAHADHARI: Samani ndogo "za Mjerumani" zinazouzwa Dodoma ni mpya, msitume hela

Mbukwenyi ndugu zangu. Ujumbe huu ni wa kila anayependa vitu vya kale, na hasa nyie mnaotafuta zawadi ya mkubwa anayestaafu au mgeni anayerudi kwao. Kuna mtu anauza samani ndogondogo kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa mjini: vikabati vya kuweka juu ya meza, vikasha, vimeza vya duara vya shubiri moja, viti vya kuchonga vyenye mgongo mrefu. Anasema ni kazi za mtihani za wanafunzi wa useremala wa misheni ya Wajerumani kule Mpwapwa. Anasema pia mzee mwenye mali amefariki na familia inaziachia kwa sababu ya shida. Bei inaanzia laki nne na nusu. Nusu unatuma kwa simu kwanza, nusu unalipa mzigo ukifika kwa basi.

Vyote nilivyoletewa karakanani ni vipya. Vingine bado vinanukia thina.

Mimi ni seremala, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukarabati samani za zamani. Nimelijua jambo hili kupitia dada mmoja wa mtaa wa Kisasa aliyekuja na kikabati chenye droo tatu, ya katikati ilikuwa inakwama. Alitaka nimrekebishie kabla hajampelekea bosi wake. Nikakigeuza nione mgongo. Ubao wa nyuma ulikuwa hadibodi: upande mmoja laini unang'aa, upande wa pili una alama za vijishimo kama nyavu. Alama ile inabaki kiwandani, maji yanapokamuliwa kwenye nyuzi za mbao juu ya wavu wa chuma. Hadibodi ya namna hiyo iligunduliwa Marekani mwaka 1924. Dodoma ilitoka mikononi mwa Mjerumani mwaka 1916. Sikuhitaji kuendelea kutafuta, lakini nilifungua bawaba, nikakuta skrubu za nyota. Hizo zilianza kuenea duniani miaka ya 1930, baada ya Mmarekani Henry Phillips kupata hataza zake, yaani haki za uvumbuzi. Kikabati kilichotengenezwa kabla ya 1916 kimepataje skrubu ya nyota? Muuzaji alipoulizwa akajibu kwamba bawaba "zilibadilishwa baadaye". Sawa, bawaba hubadilishwa. Ila skrubu iliyotolewa huacha tundu lake la zamani, na kule ndani hapakuwa na tundu lolote zaidi ya yale yenye skrubu mpya.

Hata hadithi yenyewe haisimami. Wajerumani walikuwa na boma Mpwapwa, hilo ni kweli. Lakini misheni ya Mpwapwa ilianzishwa na Waingereza wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, miaka ya 1870, kabla Mjerumani hajafika. Mwenyeji yeyote wa Mpwapwa mwenye umri mkubwa angekwambia. Muuzaji anategemea kwamba mnunuzi ni mtumishi aliyehamia Dodoma juzi na haijui historia ya huku.

Na hii habari ya "kazi ya mtihani ya mwanafunzi" ichukulieni kwa uangalifu mkubwa, maana hata Ulaya ndiyo hadithi inayosimuliwa kila kikipatikana kikabati kidogo. Samani ndogo za kale zipo kweli, na zina asili mbalimbali. Nyingi ni za nyumba za wanasesere: pale Nuremberg, Ujerumani, kuna nyumba ya namna hiyo ya mwaka 1639, na ndani yake kila kitu kipo hadi vyombo vya jikoni. Ile ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyokamilika mwaka 1924, ilijengwa kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, yaani kiti cha sentimita 90 kinakuwa cha sentimita saba na nusu. Nyingine zilikuwa sampuli ambazo mfanyabiashara alizibeba kuonyesha wateja, kwa kuwa kabati zima halibebeki. Kazi za mafundi wa kuthibitisha ustadi zipo pia, na Wafaransa ndio waliojulikana zaidi kwa ngazi ndogo za mbao zinazozunguka. Kwa hiyo kitu kuwa kidogo na kizuri hakithibitishi kwamba kilikuwa mtihani wa mtu. Na vile vidogo vya Kijerumani vya karne ya 19 vilivyosifika, vya mji wa Waltershausen, vilitengenezwa kwa mbao laini iliyofanywa ionekane kama mbao ya thamani, ikapambwa michoro ya dhahabu. Ni vyepesi. Kikabati cha yule dada ni mninga mtupu, kizito mkononi.

Mninga wenyewe ni kielelezo kingine. Fundi aliyezoea kazi ndogo anachagua mbao yenye nyuzi za karibukaribu, kwa sababu nyuzi pana kwenye kitu kidogo zinaharibu uwiano, macho yanatambua mara moja kwamba hii ni mbao ya kitanda iliyokatwa vipande. Mpingo unafaa sana, ila ni mgumu na unakula patasi. Nimeonyeshwa pia kiti "cha mpingo" ambacho ni mbao nyeupe iliyopakwa rangi ya viatu. Mpingo halisi ni mzito kuliko maji, unazama. Kile kilielea kwenye ndoo mbele ya mwenye nacho, na maji yakageuka rangi ya chai.

Ukiletewa kitu cha namna hii, usitazame uso wake, maana uso ndio uliotengenezwa kwa ajili yako. Toa droo yote nje, igeuze. Droo iliyofunguliwa na kufungwa miaka mia inalika kwenye kingo za chini, na njia inayopita inang'aa kwa kusuguliwa. Zile nilizoziona zilikuwa na ukingo wa wembe chini huku usoni zimechakazwa kwa msasa. Angalia pembe: fundi wa zamani aliunganisha ubao wa mbele na wa pembeni kwa meno yanayoingiliana, aliyoyapiga mstari kwa ncha ya chuma kabla ya kukata, na ule mstari mwembamba bado unaonekana. Kwenye samani ndogo meno hayo ni membamba kama njiti ya kiberiti, hapo ndipo ustadi ulipo. Hizi za huyu muuzaji zimepigwa gundi nyeupe na misumari ya bunduki ya upepo, kisha matundu yakazibwa kwa unga wa mbao.

Matundu ya wadudu nayo yanaigizwa. Chukua pini nyembamba uiingize. Mdudu hachimbi kwa rula, anapinda, pini inakwama. Tundu la drili linaipokea pini moja kwa moja, na mengi yana ukubwa uleule. Meza ya duara ipime kwa futi kufuata nyuzi, kisha kukatisha nyuzi. Mbao husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, na kwa ukame wetu huu, meza ya kale iliyo duara kamili ni ya kutiliwa shaka.

Anauza pia "vigoda vya mtemi". Vigoda vya jadi vya huku kati vinachongwa kwenye kipande kimoja cha mti, kiti na miguu pamoja. Ukikuta mguu umegundishwa, achana nacho.

Karatasi yenye muhuri anayoituma kwa picha isikutishe. Na anapowaambia wageni kwamba atawasafirishia nje bila shida, anawaingiza matatani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kutoa nje mali kale na vifaa vya utamaduni wetu. Mwenye kitu halali atakwambia twende Idara ya Mambo ya Kale.

Linaloniumiza ni kwamba kuna kijana mahali fulani aliyevitengeneza vitu hivi kwa mikono yake. Ile gundi na misumari ni haraka ya tajiri, lakini nakshi za mlango wa kile kikabati zimechongwa na mtu mwenye mkono mzuri: maua yamepinda bila kukatika, kina cha patasi ni kilekile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Angeuza kama kazi mpya yenye jina lake chini, kwa bei ya haki, mimi mwenyewe ningemletea wateja. Sasa nina hakika analipwa elfu chache na jina lake limefutwa ili awekwe Mjerumani ambaye hakuwahi kuwepo. Kama wewe ndiye huyo fundi na unasoma hapa, nitafute.

Muuzaji ameshabadilisha namba mara kadhaa, picha ni zilezile, pazia la kijani nyuma. Anayekataa mkutane mchana mahali pa wazi ukague kabla ya kulipa, usimtumie hata nauli. Mliokwisha kutuma hela, msifute meseji wala sauti alizowatumia. Chukueni picha za miamala, nendeni polisi mkafungue jalada, namba zake mziripoti 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Dada wa Kisasa ameshafungua la kwake, na wengine mkijitokeza itakuwa vigumu kwa huyo mtu kusema ni kutoelewana kwa bei. Mwenye kipande ambacho hana hakika nacho akilete karakanani nikiangalie, sitozi chochote.