Siku ya Mwisho kutoka Shipton hadi Chogoria: Uzoefu Wangu wa Kuvuka Mlima Kenya

Mwezi Oktoba mwaka jana, mimi na binamu yangu tulilipia safari ya siku nne ya kuvuka Mlima Kenya kwa miguu, kupanda kwa njia ya Sirimon na kuteremka kwa njia ya Chogoria, tukiwa na mwongozaji, mpishi na wapagazi watatu. Siku tatu za mwanzo sina la kulalamikia. Tulilala kambi ya Old Moses, kwenye mita 3,300, kisha tukalala kambi ya Shipton kwa siku mbili ili miili izoee hewa nyepesi. Chakula kilikuwa cha moto na cha kutosha, na mwongozaji alituuliza kila jioni kuhusu kichwa, tumbo na usingizi. Ninaloandikia ni siku ya nne, ambayo ratiba ya kampuni iliieleza kwa mstari mmoja tu: kufika kileleni alfajiri, kisha kuteremka hadi kwenye gari.

Mstari huo ulificha kazi ya siku mbili. Kutoka Shipton, iliyo kwenye takriban mita 4,200, hadi Pointi Lenana, kilele ambacho watembea kwa miguu hufika, chenye mita 4,985, ni kupanda kwa karibu mita 800 gizani, juu ya changarawe inayorudi nyuma kila unapokanyaga. Na kutoka Lenana hadi lango la hifadhi la Chogoria, lililo karibu na mita 2,950, ni kuteremka zaidi ya mita 2,000 kwa miguu ileile ambayo haijalala. Tuliondoka saa nane usiku. Tulipita ziwa dogo la Harris kukiwa bado giza, tukafika juu jua likianza kuchomoza, na mbele yetu Batian na Nelion, vilele viwili virefu zaidi ambavyo havifikiki bila kamba, vikageuka rangi ya shaba. Mwongozaji, ambaye alianza kazi mlimani kama mpagazi akiwa kijana, alituonyesha mabaki ya barafu ya Lewis na mahali ilipokuwa ikifika alipopanda mara ya kwanza. Alinyamaza kidogo baada ya kusema hayo, nasi tukanyamaza pamoja naye.

Njia ya Chogoria inastahili sifa zote inazopewa. Upande huu wa mashariki mlima unafunguka: maji ya vijito yanasikika chini ya mawe, mimea mirefu ya lobelia na senesio inasimama peke yake kwenye nyasi kama watu wanaosubiri kitu, na karibu na vijiziwa vya Hall Tarns njia inapita kwenye ukingo wa jabali ambapo Ziwa Michaelson linaonekana kwa chini kabisa, katika Bonde la Gorges, likiwa jeusi na tulivu. Hapo ndipo nilipohuzunika. Tulikuwa na dakika ishirini za kunywa chai na kula yai moja na vipande viwili vya mkate, kisha tukahimizwa kuondoka kwa sababu gari lilikuwa likisubiri. Mahali pazuri kuliko pote katika safari nzima tulipapita kwa haraka, huku binamu yangu akishuka kwa upande kama kaa kwa ajili ya goti lililokuwa limeanza kuvimba.

Mwongozaji aliliona goti hilo kabla yangu. Alisema, "Dada, mwache atangulie, sisi tufuate mwendo wake," akamkabidhi mikongojo yake miwili, akachukua begi lake dogo na kulibeba pamoja na la kwake hadi mwisho wa siku. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo.

Tulifika mwisho wa barabara, ambapo gari lilipaswa kutupokea, kwenye kimo cha takriban mita 3,300, baada ya saa nane mchana. Gari halikuwapo. Mvua ya siku mbili ilikuwa imeifanya barabara kuwa tope, na dereva alikuwa amebaki langoni tangu asubuhi, jambo ambalo ofisi ililijua lakini haikumwarifu mwongozaji, ingawa simu yake ilikuwa imepata mtandao kwa muda pale kileleni. Hatuwezi kuilaumu kampuni kwa mvua ya Oktoba, kwani kila anayeujua mlima huu anajua kwamba upande wa Chogoria hunyeshewa sana. Lakini kama tungejua mapema, tungegawa chakula na nguvu kwa namna nyingine. Tulitembea kilomita nyingine kadhaa ndani ya mianzi, mvua ikianza tena, na tukaingia langoni saa kumi na moja jioni, yaani baada ya muda wa saa kumi na tano tangu tulipoanza safari.

Kwa mwongozaji, mpishi na wapagazi natoa alama zote, na bakshishi yao niliwapa mkononi mmoja mmoja. Kwa ratiba natoa nusu. Niliiandikia kampuni nikipendekeza kwamba safari ya njia hii iwe ya siku tano, usiku wa nne ukilalwa kwenye mahema karibu na Hall Tarns, na kwamba mteja aelezwe kabla ya kulipa kwamba wakati wa mvua gari huishia langoni. Walijibu baada ya siku tatu, wakaomba radhi kuhusu taarifa ya gari, na wakasema usiku wa ziada unaweza kuongezwa kwa anayeuomba na kuulipia. Basi uombe. Beba pia chakula chako cha mfukoni cha siku nzima, tende au karanga, wala usitegemee kile kifurushi cha yai na mkate. Goti la binamu yangu lilipona baada ya wiki mbili, na tumepanga kurudi Februari, wakati wa kiangazi, tukiwa na mwongozaji yuleyule na asubuhi nzima ya kukaa juu ya Ziwa Michaelson.