Kimchi ya dukani na ya kujitengenezea: uzoefu wangu wa mapishi na gharama

Kimchi, yaani kabichi ya Kikorea iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili, ukiinunua ya chupa inatosha kuliwa pembeni ya wali, kidogo kidogo. Ukianza kuipikia, hesabu inabadilika: mchuzi wa watu watatu unataka gramu 300 pamoja na maji yake, na chupa ndogo inaishia hapo hapo. Tena nyingi zinazouzwa nje ya friji zimeshachemshwa kuua bakteria, kwa hiyo hazichachi zaidi, wakati kimchi ya kupikia inatakiwa iwe ya zamani, yenye uchachu mkali. Kwa mapishi sinunui tena, natengeneza.

Kipimo changu ni kabichi ya Kichina kilo 2 (ile ndefu iliyofunga, si ile mboga ya majani tunayoiita chainizi) na chumvi ya mawe gramu 200. Ikate, ipake chumvi hasa kwenye sehemu nyeupe, ikae saa 3 huku ukiigeuza. Imekuwa tayari pale sehemu nyeupe inapokunjika bila kuvunjika. Isuuze mara tatu, kisha ichuje saa nzima. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: kabichi isipochujwa vizuri hutoa maji chupani, viungo vinapwaya na kimchi inakuwa laini. Chumvi laini ya mezani ipime kwa mizani, maana kikombe chake kina chumvi nyingi kuliko kikombe cha ile ya mawe.

Viungo: uji mwepesi wa vijiko 2 vya unga wa mchele kwa maji mililita 350, uliopoa, gochugaru gramu 100, kitunguu saumu gramu 60, tangawizi gramu 10, sosi ya samaki mililita 80, figili nyeupe na majani ya vitunguu.

Pesa yote inakwenda kwenye gochugaru, yaani pilipili ya Kikorea iliyosagwa chengachenga. Kwangu inakula zaidi ya nusu ya gharama, na sioni pa kukwepa. Pilipili yetu ya unga ni kali mno. Ukitia gramu 100 hakuna atakayekula, ukipunguza unapoteza rangi na utamu. Paprika iliyochanganywa na pilipili kidogo inaleta wekundu tu. Nunua pakiti kubwa, hakikisha haijachanganywa na chumvi, ihifadhi kwenye friza.

Kwenye kabichi, lakini, unaweza kubana matumizi. Kabichi ya kawaida ya duara inafaa, na Wakorea wenyewe huitumia. Mwaka 2010, kabichi ya Kichina ilipopanda bei mno Korea Kusini, Rais Lee Myung-bak aliagiza mezani kwake iwekwe kimchi ya kabichi ya duara. Wananchi walimjibu kwamba hata hiyo bei yake ilikuwa juu.

Changanya viungo vyote, vipake kwenye kabichi, jaza chupa robo tatu, kandamiza mpaka maji yafunike kabichi. Kwenye joto la nyuzi 30 inatosha saa 12 hadi 24 nje, kisha friji. Ifungue kila siku kutoa gesi. Kwa kupikia nasubiri wiki tatu. Utando mweupe laini juu ni chachu, uengue. Ukungu wenye manyoya au rangi, mwaga yote.

Mchuzi wake, kimchi-jjigae: kaanga gramu 300 za kimchi dakika 7, ongeza maji yake mililita 100 na supu mililita 500, chemsha dakika 20, malizia na tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) na jodari wa kopo. Wakorea wenyewe huupika kwa nguruwe au kwa jodari, kwa hiyo asiyekula nguruwe hakosi kitu. Supu ya asili ni ya dagaa wakavu, na dagaa wa Zanzibar waliochemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa wanafanya kazi hiyo hiyo kwa bei nafuu. Ondoa vichwa na matumbo, vinginevyo supu inakuwa chungu. Kimchi ikiwa changa mchuzi unapooza. Nusu kijiko cha chai cha siki kinasaidia, ingawa hakifikii uchachu wa wiki tatu.

Wali wa kukaanga upike kwa kiporo kilicholala kwenye friji, na kimchi uikamue kwanza. Wali wa moto na kimchi yenye maji vinakupa bokoboko. Maji uliyokamua yatie mwishoni, vijiko 2, moto ukiwa mkali.