Kikokotoo huria kilivyoniharibia kipindi cha tanjenti

Ndugu zangu walimu wa Hisabati, hasa ninyi wa Dodoma na Singida mnaogombania projekta moja shule nzima, someni hili kabla hamjafungua kikokotoo cha mtandaoni mbele ya darasa. Kiandikieni tanjenti ya nyuzi 90. Kikitoa namba yoyote, kifungeni, maana tanjenti hiyo haipo. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Na kwa watumishi wenzangu, sizungumzii kile kikokotoo cha mafao ya kustaafu. Hicho kina siku yake.

Jina sitalitaja, maana vinavyofanana nacho ni vingi na ugonjwa huu si wa kimoja. Ni programu huria. Hulipi senti, msimbo wake, yaani maelekezo yanayokiendesha, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kinaendeshwa na watu wa kujitolea walio nchi mbalimbali, na leseni yake inakuruhusu kukichukua, kukibadilisha na kukigawa. Hilo ndilo lililonivuta. Shule yetu iko pembezoni mwa mji, ukishapita Ihumwa, na bando la kufundishia linatoka mfukoni mwa mwalimu. Kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa anasoma kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), alikipakua chote akaniletea kwenye flashi. Tukakiweka kwenye kompyuta ya maabara, kikafanya kazi bila intaneti kabisa. Nilifurahi mno. Kwenye usahihishaji wa mtihani wa moko nilikisifia kwa kila mwalimu aliyekaa karibu yangu. Grafu zake zinatoka safi, hata wanaokaa nyuma kabisa wanaziona, na ukibadilisha namba mchoro unasogea papo hapo. Ningeulizwa wakati ule ningekipa nyota tano bila kufikiri.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Kidato cha nne, tumefika tanjenti. Mimi huwa sipendi kumwambia mtoto kwamba tanjenti ya 90 haipo, halafu akariri. Nataka aione ikimkimbia. Kwa hiyo niliandika 89, ukutani ikatokea 57.29. Nikaandika 89.9, ikatokea 572.96. Nikaandika 89.99, ikatokea 5729.58. Darasa likachangamka, wakaanza kubashiri kabla sijabonyeza. Mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, inajizidisha kwa kumi!" Hapo ndipo nilipotaka tufike. Nilikuwa tayari na duara langu ubaoni, niwaonyeshe jinsi upande ule wa chini wa pembetatu unavyopungua mpaka unakwisha, na kwamba huwezi kugawanya kwa sifuri.

Binti mmoja wa mbele akaomba aje abonyeze 90 yeye mwenyewe. Nikampisha. Akabonyeza. Kikaandika 16331239353195370.

Darasa likatulia, kisha nikasikia kalamu. Walikuwa wanainakili! Yule binti akageuka akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo ipo, ila ni kubwa sana?" Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu, na chombo nilichokileta mimi ndani ya darasa kilikuwa kimekwisha kumjibu uongo. Nikachukua Casio, kikokotoo cha mkononi, ya mwanafunzi mmoja, nikafanya hesabu ileile, ikakataa na kuandika kosa kama inavyotakiwa. Haikusaidia. Casio inaonekana na watu wawili walio karibu. Ile ya ukutani imeonwa na darasa zima. Kwa mtoto, kilichoandikwa kwa mwanga ukutani kina nguvu kuliko mdomo wa mwalimu, na kuking'oa kichwani mwake ni kazi ya vipindi vingine ambavyo sina. Mtahini wa NECTA hatampa alama kwa tarakimu kumi na saba.

Jioni nikampigia kijana wangu. Baada ya shikamoo na marahaba akanieleza vizuri, na nikaelewa. Kompyuta inahesabu tanjenti kwa radiani, kipimo cha pembe ambacho nusu duara ni pai. Nyuzi 90 zinageuzwa kwanza kuwa nusu ya pai. Pai haina mwisho, lakini mashine ina nafasi ya biti 53 tu (tarakimu za 0 na 1) za tarakimu muhimu, ambazo kwa desimali ni tarakimu 15 hadi 17, kwa utaratibu uliowekwa na IEEE 754, kiwango cha kimataifa cha namba za kompyuta, tangu mwaka 1985. Kwa hiyo nusu ya pai iliyomo ndani ni pungufu kidogo ya ile ya kweli. Kosaini yake, badala ya kuwa sifuri, inatoka 6.123233995736766 mara kumi kwa kipeo cha hasi 17. Tanjenti ni saini kugawanya kwa kosaini, na saini ya hapo ni moja. Gawanya moja kwa namba hiyo, utapata zile tarakimu kumi na saba. Ni tanjenti ya pembe iliyopungua kidogo mno kutoka 90, pembe ambayo hakuna mtu darasani aliyeiuliza.

Tukajaribu na zile pembe maalumu ambazo kila mwanafunzi anazijua kichwani. Saini ya 30 kikatoa 0.49999999999999994. Tanjenti ya 45 kikatoa 0.9999999999999999. Kosaini ya 60 kikatoa 0.5000000000000001. Saini ya 180, ambayo ni sifuri, kikatoa namba yenye kipeo cha hasi 16. Jedwali zima la pembe maalumu, lile ninalowaimbisha asubuhi, limeharibika.

Mpaka hapo sikuwa na hasira na mtu. Mashine ina mipaka yake. Tukaandika taarifa ya hitilafu kwa wasimamizi wa mradi, kwa adabu zote, tukaeleza kwamba kikokotoo chao kinatumika kwenye shule zisizo na intaneti, na tukapendekeza dawa. Dawa yenyewe si ngumu. Mtumiaji akiwa amechagua nyuzi, usikimbilie radiani. Nyuzi 90 ni namba nzima, kompyuta inaishika kamili bila kupoteza chochote. Kosa linaingia pale unapoigeuza. Kwa hiyo, kwenye tanjenti, ondoa kwanza mizunguko ya 360 mpaka ibaki pembe ndani ya duara moja, angalia kama ni 90 au 270, ukatae. Kama ni 0 au 180, andika jibu sifuri. Zilizobaki ndizo uzigeuze. Na hili si wazo la mwalimu wa kata aliyeota usiku. Kiwango hichohicho cha IEEE 754, katika toleo lake la 2008, kilipendekeza saini na kosaini zinazohesabiwa kwa mafungu ya pai, ili nusu duara ibaki kamili. Tanjenti ya namna hiyo ikaongezwa kwenye toleo la 2019.

Jibu lilikuja haraka, fupi. Kwamba hii si hitilafu, kompyuta zote ziko hivyo, na tukasome kwanza kuhusu namba za kompyuta kabla ya kupoteza muda wa watu. Kisha taarifa ikafungwa.

Kupoteza muda wa watu. Jamani! Muda wa nani? Mimi nina madarasa yaliyofurika, na huyo mtu hakuuliza hata swali moja, wala hakusema mtoto anapaswa kuona nini kwenye kioo anapoandika 90. Tulichokieleza alikijua, na sisi tulikuwa tumekieleza kwa usahihi kuliko yeye. Kijana wangu alitaka kumjibu kwa ukali, nikamzuia. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nikaenda kufuta sifa zote nilizowahi kukiandikia, nikaweka nyota moja.

Kilichozidi kuniumiza ni mpango wao wa maboresho, walioutangaza siku chache baadaye na kuomba maoni ya watumiaji. Nimeusoma mstari kwa mstari. Mwonekano mweusi wa usiku. Vitufe vyenye sauti. Grafu za pande tatu. Akaunti za watumiaji, na historia ya mahesabu yako itunzwe kwenye seva yao. Usahihi wa majibu haumo hata kwa mstari mmoja. Unapamba nyumba ambayo nguzo imeoza.

Nisiwe mkorofi, nigawe haki. Mwonekano mweusi una maana yake. Mtoto anayejisomea usiku kwa simu ya mama yake, chumba kimoja na wadogo zake waliolala, utamfaa. Grafu za pande tatu ningezipokea kwa mikono miwili kwa ajili ya kidato cha sita. Lakini akaunti? Thamani yote ya kitu hiki kwetu ni kwamba kinaishi kwenye flashi. Siku kitakapodai kuingia kwa barua pepe ndipo kikokotoo kifanye kazi, shule za Bahi, Chamwino na Mvumi wameziaga. Na faili lake likivimba kwa sauti za vitufe, zile kompyuta za msaada tulizo nazo, zinazochukua nusu kipindi kuwaka, zitakishindwa.

Kama ningeandika mimi mpango huo, cha kwanza kingekuwa orodha ya pembe zenye majibu yanayojulikana, na badiliko lolote la msimbo lisipokelewe mpaka lipite orodha hiyo. Sauti za vitufe zingesubiri. Mtu akija na wazo zuri namna gani, kama saini ya 30 haitoki nusu kamili, arudi akarekebishe.

Nilijiuliza pia kama nawaonea. Hawalipwi hawa. Wanafanya kazi hii wakitoka kwenye kazi zao. Na programu huria nazipenda kwa dhati. Maxima, ile inayokokotoa kwa herufi na alama za aljebra, tunayo leo kwa sababu profesa mmoja wa Texas, William Schelter, aliilea tangu 1982 mpaka alipofariki mwaka 2001, na mwaka 1998 akapata kibali cha kuitoa kwa leseni huria ya GPL ili kila mtu aitumie. Ukikumbuka watu wa aina hiyo unaona haya kulalamikia kitu cha bure. Nikapandisha nyota zikawa tatu.

Halafu juzi kati mtu mwingine wa mradi huohuo, simjui, aliifungua ile taarifa yetu upya. Akatushukuru, akasema hoja ina uzito, akaomba tumwandalie majaribio. Mtu mmoja tu mwenye lugha nzuri, na hasira yangu nusu ikaisha. Jumamosi nikaenda UDOM, tukakaa nje na kijana wangu, upepo wa Dodoma ukitaka kuondoka na karatasi, tukaandika pembe: 90, 270, hasi 90, 450, hasi 270, na kila moja jibu lake pembeni. Nikasisitiza pia 89.9999, ambayo lazima itoe 572957.795 bila kuguswa. Hapo ndipo mtengenezaji mvivu atakapoharibu: ataamua kwamba namba yoyote iliyo kubwa sana ikataliwe, na atakuwa ameniulia palepale somo la kuona tanjenti ikikimbia. Inayokataliwa ni 90 yenyewe na ndugu zake wa duara, si majirani.

Tukatuma majaribio pamoja na msimbo uliorekebishwa. Aliyekuja kutoa maoni ni nani? Yuleyule wa kwanza. Anasema marekebisho yatapunguza kasi ya kikokotoo. Kasi gani, ya kulinganisha pembe na namba nne? Kijana alipima kwenye kompyuta yetu kuukuu ya maabara, hakuna binadamu anayeweza kuiona tofauti. Nyota zangu zimerudi mbili, na hiyo ya pili ni ya yule muungwana aliyetufungulia.

Kwa grafu za mistari na za kipeo cha pili, endeleeni kukitumia, sijaona bora yake kwa shule isiyo na bando. Kwa trigonometria, toleo rasmi lisikanyage darasani mpaka walirekebishe. Sisi tunatumia nakala yetu iliyorekebishwa, na mwalimu yeyote wa mkoa huu anayeitaka aje na flashi tupu nimnakilie, leseni inaruhusu. Orodha ya pembe nimeiweka humohumo kwenye faili lake, apime mwenyewe kila jibu kabla hajaiwasha projekta.